Muzuri ya Salamu, Muzuri ya Mwili

Mwanangu, kuna siku moja naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, na harusi yangu ilikuwa kubwa. Kaa nikusimulie. Umeniambia kesho unaanza kazi ya kuwatafsiria wageni pale dispensaire, zahanati yetu, na nimeona unavyotembea tangu upate habari hiyo. Hata mimi nilitembea hivyo.

Nilikuwa nimerudi hapa kwetu Masisi, Kongo, kutoka Uganda, tulikokimbilia nikiwa mdogo. Nilirudi na Kiingereza. Hakikuwa kingi, lakini kwenye kilima chetu hakuna mwingine aliyekuwa nacho, na debe tupu haliachi kuvuma. Akaja daktari mgeni, mtu mpole, asiyejua Kifaransa wala Kiswahili, nami nikawa mdomo wake.

Neno langu lilikuwa gud. Lile neno, mwanangu, ni jembe la kulimia shamba lolote. Sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, imekolea mawese? Gud. Mvua imekatika na barabara inapitika? Gud. Mtu mkarimu ni gud, mtoto mtulivu ni gud, kidonda kinachokauka nacho gud. Daktari alielewa kila mara, nami nikaona wanaohangaika na kamusi wana shida zao.

Basi alikuwepo mama mmoja wa upande wa Ngungu, Mama Riziki. Walimleta kwa kipoyi, ile machela ya miti miwili tunayobebea wagonjwa mabegani, akajifungua salama mtoto wa kike. Siku ya tatu wabebaji wakarudi kumchukua. Aliyewaongoza ni baba mkwe wake, mzee wa heshima, akasimama kando ya kitanda na kofia mkononi. Daktari akaniambia nimuulize mama anajisikiaje.

“Niko muzuri, dokta. Mungu asifiwe,” akajibu, macho chini.

“Gud,” nikasema.

Daktari akauliza kama ana maumivu popote. Hilo, mwanangu, sikulitafsiri hata kidogo. Nilijibu mwenyewe: gud, gud. Akaandika ruhusa ya kwenda nyumbani.

Usidhani sikujua desturi. Mimi ni mtoto wa hapa. Najua mkamwana hataji tumbo lake mbele ya baba mkwe, hata kama linamuua. Najua mtu wa kwetu akiulizwa hali atajibu muzuri kwanza, hata nyumba ikiwa imemwangukia. Nilijua yote, lakini asubuhi ile nilijiona mtu wa Uganda.

Aliyeona ni Papa Bahati, muuguzi mzee. Aliona mkono wa yule mama ulivyong'ang'ania chuma cha kitanda. Akamgeukia baba mkwe kwa adabu.

“Papa, muende kwanza muangalie kamba za kipoyi, njia iko mbaya.”

Mzee alipotoka, Papa Bahati akavuta pazia, akainama.

“Sasa, mama. Ile muzuri yako iko ya salamu ao ya mwili?”

Akaanza kulia. “Ya salamu, Papa. Tumbo inaniwaka moto tangu jana, na damu haikatike.”

Kipande cha kondo la nyuma kilikuwa kimebaki ndani. Daktari alifanya kazi mpaka jua likapinda, akamwokoa. Kutoka kwetu hadi Ngungu ilikuwa siku nzima mabegani, kwenye tope. Asingefika, na mimi ndiye niliyekuwa nimemwambia aende.

Nilingoja Papa Bahati anifokee. Hakunifokea. Alinipeleka nje, penye kipoyi kitupu.

“Beba. Hii ndiyo ingemubeba. Ujue uzito yake.”

Nikashika upande mmoja, baba mkwe akashika wa pili, tukakipeleka stoo. Mzee wa watu hakujua nilichofanya. Akaniambia, “Asante, binti, mumetuponyeshea mutoto wetu.” Nililia kwa aibu mpaka nikashindwa kuona njia.

Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli, lakini mwingine anaficha kwa sababu tumemuuliza mbele ya watu, kwa haraka, na mguu mmoja uko mlangoni.

Mama Riziki yu hai. Kila mavuno ya maharage hupita hapa na kikapu, na mtoto yule naye sasa ni mama. Namuuliza, “Uko muzuri?” Anajibu, “Muzuri.” Nanyamaza, namtazama. Ndipo anacheka: “Ya salamu, dada. Magoti inaniuma.” Basi naweka maji ya kukanda jikoni.

Kwa hiyo kesho, mwanangu, muzuri ya kwanza ipokee kama unavyopokea salamu, kisha ngoja. Watoe wakwe nje kwa heshima, uliza tena. Swali la daktari lifikishe lote, na jibu la mgonjwa lirudishe lote, hata likiwa refu na Kiingereza chako kikapungua. Kuuliza si ujinga.

Nenda na baraka zangu. Mungu akupe masikio kabla ya mdomo, na kila utakayemsemea arudi kwao kwa miguu yake.