Mkeka Uliosifiwa Krismasi

Unaisi, jirani yangu hapa pwani ya Fiji, alikuwa amemsukia binti yake mkeka wa arusi. Krismasi akamkaribisha Ingvild, msafiri wa Norwei, kula nguruwe wa kuokwa ardhini.

"Mama, mkeka huu mzuri mno!" mgeni akasema.

Kwetu mgeni akisifia kitu, anapewa, na arusi ilikuwa Januari. Unaisi akaukunja mkeka, akampa. Ingvild akaupokea akicheka.

"Sasa wewe ni binti wa nyumba hii," Unaisi akamwambia. "Na mabinti wa hapa wanasuka. Dada yako anaolewa."

"Lakini mama, kesho naondoka!"

"Uondoke? Mkeka wa dada yako watausuka Wazungu wenzako?"

Ingvild alibaki mpaka arusi. Upande aliousuka ulikwenda kombo, na maharusi wakaukalia hivyo hivyo.