Damu ya Nani Imeshika

Mjukuu wangu anasoma chuo kikuu, kazi yake kupima damu inavyoshika virusi. Mimi niliishia darasa la tatu, lakini kazi hiyo naijua.

Huko maabara wana kibati cha dhahabu, kidogo kuliko ukucha. Juu yake wamebandika vipande vya kirusi cha korona, kisha wanapitisha maji ya damu ya mtu. Kinga zilizomo zikimtambua adui zinamng'ang'ania, na mstari kwenye kompyuta unapanda. Halafu wanasuuza. Zikiachia, mstari unashuka. Ni kama magamba ya samaki mkononi: mpaka umwage maji ndiyo ujue lipi limeshika kweli.

Alikuja kwetu Kivinje kutaka damu mara ya pili, aone kama kinga zetu za mwanzo bado zinashika. Akiikosa, kazi yake yote inaanza upya. Wanawake wa mtaa wakakataa. Kinara wao mke mwenzangu, ambaye marehemu mume wetu aliniachia pamoja na nyumba.

"Mimi bibi yako mdogo si kisima, mwanangu," akamwambia.

Na mimi, nisiseme uongo, nilikuwa nimejificha jikoni. Sindano naiogopa.

Mjukuu wangu akatuita, akafungua simu kutuonyesha mstari mmoja. Umesimama kama mnazi, na uliposuuzwa haukushuka hata kidogo.

"Huu ni wa..."

"Wangu," nikadakia.

"Uwe wako kwa lipi?" akasema mke mwenzangu. "Wewe ulikohoa mpaka kuku wakahama banda. Huo wangu."

"Damu yako kahawa tupu. Itashika nini, kashata?"

"Bibi zangu, nisikilizeni kwanza."

"Nyamaza, mjukuu wangu," nikasema. "Chukua damu, tupimwe tena, huyu aaibike."

Nikakunja mkono wa gauni. Mwenzangu akakunja wake mpaka begani. Majirani kuona vikongwe wawili wanagombea sindano, wakaja mbio. Muuza maandazi akalalamika amerukwa kwenye foleni.

Mjukuu wangu alipofunga boksi la barafu, limejaa vichupa vya damu, ndipo tukamwachia aseme.

"Ule mstari ni wa sungura aliyechanjwa. Tunamtumia kujaribia mashine. Na majibu ya mtu hatumtajii mwingine."

Mke mwenzangu akajifunga kanga upya.

"Basi andika huko," nikamwambia mjukuu wangu, "baada ya sungura ni mimi."

"Baada ya sungura ni mimi," akasema mwenzangu.

Mpaka leo hatujakubaliana.