Nilivuta tofali kwa mpira wa baiskeli, nikamjengea mama pabaya

Wakuu, na vijana wote mliomo humu: marahaba, hata kama hamjaniamkia.

Nimesoma mnavyobishana kuhusu matetemeko. Mimi niliishia darasa la nne, lakini nyumba nilizojenga Ufipa hii kwa mikono yangu ni nyingi kuliko mlizowahi kupanga ninyi. Haya yamenipata mwenyewe, na pale nilipoumbuka sitaparuka.

Ni miaka ya Ujamaa, tulipohamishiwa kwenye vijiji vya mistari, upande wa Mwazye. Nilikuwa kijana, fundi wa kufyatua matofali na kujenga.

Akaja Ndugu Anyosisye, Mnyakyusa wa Mbeya, mtumishi wa serikali wa mambo ya miamba. Akafikia kwangu.

Kutwa alikuwa akitembea kwenye ule ukingo mrefu wa ardhi unaokata nyika yetu kama ngazi moja. Sisi tulizaliwa tukaukuta, hatukuwahi kuuliza. Yeye akasema pale ardhi ilikatika, upande mmoja ukashuka, na kwenye mikato kama hiyo ndiko matetemeko yetu yanakotoka.

Nikamwambia, "Ndugu, ardhi si kamba. Inakatikaje?"

Akacheka. "Fundi, lete matofali mawili na mpira wa baiskeli, ule wa ndani."

Akalaza tofali moja, akaweka la pili juu yake, akalifunga ule mpira. Akaniambia nivute polepole. Nikavuta. Tofali kimya. Mpira ukarefuka, ukarefuka, mara tofali likaruka!

"Hilo ndilo tetemeko," akasema. "Miamba inasukumana kila siku, msuguano unaizuia. Siku msuguano ukishindwa, inaruka."

Halafu akapaka udongo wa mfinyanzi uliolowa katikati. Nikavuta tena. Safari hii tofali likaja lenyewe, taratibu, bila kuruka.

Wakuu, nilisahau hata kula. Nikajaribu mchanga mkavu, nikajaribu majivu, nikamwaga hata ulezi wa mke wangu (alinisema wiki nzima). Kila kitu na tabia yake.

Akanieleza kuwa kuna mahali sakafu ya bahari inaingia chini ya nchi kavu, na inaburuta matope yake huko chini. Matope yakiwa dhaifu au yameshikana, yakiwa na maji au yamekauka, yanachangia kuamua kama pale patateleza kimya au patang'ang'ania mpaka paruke.

"Ila usilishangilie tope, fundi," akasema. "Siku nyingine likianza kwenda, linakwenda mbali."

Hayo ya mwisho sikuyatilia maanani. Yeye akaondoka kuelekea Chala, mimi nikabaki najiona profesa.

Ikafika zamu ya nyumba ya mama. Mwenyekiti alitupa viwanja viwili tuchague. Kimoja juu, mwamba mtupu, unachimba msingi mpaka jembe linalia. Kingine chini, shamba la zamani la ntumba, yale matuta ya duara ambayo sisi Wafipa tunafukia nyasi ndani zioze ziwe mbolea. Udongo laini kama ugali.

Mama akataka juu.

"Mama, mwamba unaruka," nikamwambia. "Udongo laini unateleza polepole. Nimeona kwa macho yangu."

"Umeona tofali, baba. Nyumba hujaiona."

Sikusikia. Nikajenga chini.

Masika yaliyofuata yakielekea kwisha, asubuhi, niko kwenye tanuri, nikasikia mngurumo kama lori linapanda mlima. Ardhi ikacheza. Kule juu kwenye mwamba, nyumba za wenzetu zilitikisika tu, zikabaki zimesimama. Chini nikaona ukuta wa mama unaondoka, unateleza juu ya zile nyasi zilizooza, kisha paa likashuka.

Nilikimbia naita mama, mama. Siitikiwi. Nikaanza kufukua kwa mikono, kitanda chote kiko chini ya tofali zangu mwenyewe.

Sauti ikatoka nyuma yangu: "Unatafuta nini humo?"

Alikuwa ametoka kwenda kupepeta ulezi kwa jirani. Ungo bado uko mkononi. Akaitazama nyumba, akanitazama mimi.

"Profesa," akasema, "lile tofali lako halijambo?"

Majirani walicheka. Mimi nikakaa chini kwenye tope.

Jioni nikauomba ule ungo. Nikaweka jiwe bapa upande mmoja, bakuli la uji mzito uliopoa upande wa pili. Juu ya kila kimoja nikasimamisha kiberiti. Nikautikisa kidogo. Cha kwenye jiwe kikasimama. Cha kwenye uji kikayumba, kikaanguka.

Hilo sikufundishwa na mtu. Tope likiwa katikati ya miamba huko chini ni habari moja. Likiwa chini ya kitanda cha mama yako ni habari nyingine kabisa.

Mama akaokota kiberiti chake. "Sasa kachimbe kule juu."

Nilichimba. Nyumba ile ipo mpaka leo, nami naandikia humo.

Somo ni hilo: ukijifunza jambo moja, usilijengee kabla hujalijaribu pale utakapolitumia.

Sasa nauliza, maana bado linanisumbua. Chini ya ukingo wetu, katikati ya yale matofali mawili makubwa, kuna mfinyanzi au kuna mchanga mkavu? Anayejua aseme. Asiyejua asinitukane, atafute kwanza mpira wa baiskeli.