Kuomba Chumvi kwa Vidole

Mambo yote yalinigharimu shilingi mbili na senti thelathini: mbili za sanduku la vitabu, thelathini za mkokoteni. Nimehesabu mara mbili.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nikiuza njugu karibu na stesheni ya Nakuru. Mzungu mmoja wa upande wa Njoro alikuwa akihama, na vitabu vyake vilikosa mnunuzi kwenye mnada. Niliambiwa tano, nikashusha hadi mbili. Sikununua vitabu, nilinunua karatasi za kufungia njugu.

Mwezi huo tulikuwa tumemzika mtoto wetu wa kwanza, na mke wangu aliacha kusema. Hakununa. Alipika, alifua, aliniwekea maji ya kuoga. Maneno tu ndiyo yaliyoisha.

Siku moja nikichana kurasa, nikaona picha za mikono. Kiingereza changu ni cha darasa la nne, lakini kilitosha. Ilikuwa habari ya nyumba ya watawa huko Uingereza, mamia ya miaka nyuma. Walifuga kondoo, walioka mikate, na mezani walikatazwa kuongea, kwa hivyo waliomba vitu kwa vidole. Maziwa, unatia kidole kidogo mdomoni kama mtoto anayenyonya. Hiyo niliiruka.

Jioni, ugali ukiwa mezani, nilibana vidole vitatu nikavitikisa juu ya sahani. Chumvi. Akanitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu. Nikarudia. Akanisogezea. Kesho yake ni yeye aliyetikisa vidole, na chumvi ilikuwa mbele yake.

Tulikula hivyo wiki tatu. Nilimfundisha samaki, yai, asali, nikamsimulia na habari za wale wazee watawa. Kwa vidole tulikula kuliko wazungu. Kisha jioni moja akasema, sauti imekauka, “Na hao wazee, waliishia wapi?”

Nikakimbilia kitabu. Nilikuwa nikichana kutoka nyuma. Mwisho wao ulishaondoka na njugu za watu.

“Wako tu,” nikasema. “Wanaoka mikate.”

“Bado hawaongei?”

“Siku hizi kidogo kidogo.”

“Kama sisi,” akasema, akaendelea kula.

Miaka baadaye mwalimu mmoja aliniambia mfalme wa huko, zamani hizo hizo, aliwafukuza wote, akauza hata paa lao. Kwa bei gani, hakujua. Na mke wangu mpaka leo huniuliza habari zao, kama mtu anayeulizia mashemeji. Nyinyi mliokaa kwenye ndoa, nishaurini: nimwambie, au niwaache waendelee kuoka?