Hodi Kwenye Santuri ya Elia

Jumanne, mwezi wa nane. Upepo wa vumbi kutwa nzima, kama ule wa siku ile mwaka juzi.

Haya yalitokea hapa kwetu Chang'ombe, sikuota. Niliishia darasa la saba na hujishuku sana, basi palipo na shaka nitapataja.

Tunaishi wawili, mimi na mama. Kaka yangu Elia alipiga gitaa kwenye bendi ya vijana wanne, muziki wa kuunguruma na kupiga mayowe. Mama alikuwa akimtania, "Hilo gitaa linaumwa tumbo, lipeleke hospitali." Nikiwa bado mtoto, walikwenda Nairobi kurekodi santuri yao ya kwanza. Wakati wa kurudi, gari likasombwa na mto. Watatu walizikwa. Elia hakuonekana. Mama alikataa kuweka matanga: "Nimlilie nani? Maiti iko wapi?"

Siku ile, jua likizama, nilitoka kuanua nguo nikamkuta kijana uani. Suruali ya bugaluu, viatu vya raizoni vya soli nene, mavazi ya utotoni mwangu. Nikadhani ni mitumba, maana tangu biashara hiyo iruhusiwe watu huvaa chochote. Lakini katika vumbi lote lile, viatu vyake viling'aa.

"Shikamoo dada. Mpe mama. Ndiyo ya kwanza. Ya pili hatukuwahi."

Akanipa santuri. Nilipoinua macho, hayupo. Kwa haki niseme, vumbi lilikuwa limeniingia machoni. Huenda aliondoka kwa miguu kama watu wote.

Kwenye jalada wako vijana wanne. Yule mgeni ndiye mpiga ngoma. Mama akamtazama kwenye mwanga wa taa. "Huyu tulimzika Ihumwa. Nilikuwepo."

Nikatia betri kwenye gramafoni ya kaka. Niamini, sijawahi kusikia upweke wenye kelele namna ile. Magitaa yalikwenda mbali, yakarudi kama upepo unaotafuta tundu la kuingilia. Wimbo wa mwisho ukanyamaza ghafla. Kisha sauti ya Elia, karibu kabisa:

"Hodi."

Mama ndiye aliyenifundisha: jua likishazama, usiitikie mpaka hodi ya tatu, wafu hawafiki ya tatu. Tukashikana mikono.

"Hodi."

Sindano ikabaki inakwaruza. Ya tatu haikuja. Nikashusha pumzi.

"Karibu, mwanangu," mama akasema.

"Mama! Bado ya tatu!"

"Ya tatu nimechoka kuingoja."

Mlango ukafunguka. Upepo ulikuwa mkali, nakiri. Lakini upepo gani hufunga mlango taratibu, ukatia na komeo kwa ndani?

Tangu siku hiyo mama, jioni, huzungumza na kigoda kitupu kilichoko pembeni. Hucheka. Amenawiri. Mimi ndiye niliyebaki peke yangu. Wewe unayesoma, hodi ya magharibi ingoje ifike ya tatu. Ila kama kuna mtu uliyempoteza, sijui utawezaje.

Leo tumekula ugali wa uwele na mlenda. Mama alipakua sahani tatu. Nimeosha tatu, zote zimeliwa.