Mstari Mwekundu wa Boti ya Maman

Watu wa kisiwa cha Ijwi hawakuijua boti yetu kwa maandishi wala kwa sauti ya mota. Waliijua kwa mstari wake. Ulikuwa mwekundu, upana wa vidole vinne, wenye uzi mweupe juu na chini, ukitoka kwenye pua ya boti hadi nyuma, pande zote mbili. Baba aliuchora mwenyewe mwaka ule alipomaliza kuijenga. Alipokufa, maman akabaki na boti, na mstari, na kazi ya kununua maharage kisiwani na kuyauza soko la Kadutu.

Lazima nieleze biashara ile ilivyokuwa, la sivyo mtaona tulikuwa wehu kulilia rangi. Kisiwani wamama walilima juu kabisa mlimani. Kuteremka hadi ufukoni ni mwendo wa saa nzima, mzigo mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Nani atateremka na mzigo ule kwa kubahatisha? Boti zingine zilikuja, lakini wenye boti hizo walipimia kwa mikebe iliyotanuliwa kwa nyundo, na ukishafika chini umechoka utafanya nini, utaurudisha mlimani? Kwa hiyo walilima huku jicho moja liko ziwani. Wakiona mstari wa maman, wanafunga mizigo. Wakiona chombo kingine, wanaendelea na jembe.

Basi kipindi kimoja cha mvua, upepo ukaitupa boti kwenye vyuma vya porti, bandarini hapa Bukavu. Ubavu wa kushoto, uleule unaoelekea mlimani tukiingia Ijwi, ukachunika kama ndizi, na ubao wa puani ukapasuka vipande. Tonton, mdogo wake baba, ndiye aliyekuwa nahodha na fundi mbao wetu. Akatia ubao mpya pale puani, urefu wa mikono miwili, boti ikaacha kuingiza maji, wakaondoka hivyohivyo bila rangi. Kisiwani akapiga honi mpaka mate yakamkauka kwa kutukana. Wamama wakainua vichwa, wakatazama, wakarudi kwa jembe. Safari ya pili vilevile. Maman akarudi na magunia matupu, ameyakunja vizuri kama nguo za kanisani, akayaweka chini ya kitanda.

Akaniambia: "Safari ya tatu wakikataa kuteremuka, boti nitauzisha. Siwezi kwenda kutembeza mota kwa ziwa bure."

Hapo nikajitolea. Nisiwafiche, nilikuwa na majivuno. Miaka ile ya Zaïre nilikuwa mchoraji wa ramani katika ofisi moja ya barabara, navaa abakosti, lile koti la wakubwa wa zama zile, yenye mikunjo mikali, kalamu nne mfukoni. Kuchora mstari ndiyo kazi niliyolipwa. Nikaomba konje, likizo ya wiki moja, nikashuka ziwani na metre yangu ya kupimia, kamba, na ekeri, ile pembe ya mbao tuliyopimia kona. Boti ilikuwa imevutwa nchi kavu, imeegemezwa kwenye magogo.

Kwanza kuondoa rangi ya zamani, maana rangi mpya haishiki juu ya iliyobanduka. Tonton alinifundisha kukwangua kwa kipande cha chupa ya bia, kinashinda chuma. Nilikwangua pande zote mbili siku tatu. Unga mwekundu uliniingia kwenye kucha na kwenye pua, na moyo uliniuma, ilikuwa kama namkwangua baba mwenyewe. Maman hakuweza kutazama. Alikaa mbali kwenye jiwe, ametupa mgongo, anachambua maharage yaliyokuwa yameshachambuliwa.

Chini ya rangi nikakuta ufa. Mwembamba kama unywele, lakini mrefu, Mungu wangu, unakimbia kutoka kwenye ubao mpya hadi mwisho wa boti. Nikaona tonton ni mzembe kweli, amebeba watu miaka yote na ufa namna ile. Nikachanganya mastiki, chaki na mafuta, nikauziba ubavu wote wa kushoto, nikaulainisha kwa dole gumba mpaka usiuone tena. Nilifurahi sana. Upande wa kulia nao ulikuwa na ufa kama huo, nikauacha kwa kesho yake.

Kisha nikapima. Sentimita thelathini kutoka ukingo wa juu, kila mahali thelathini, bila kudanganya hata nusu. Nikavuta chaki, nikapaka rangi nyekundu ya kwanza kwa pinso, brashi nzuri ya ofisi. Halafu nikarudi nyuma hatua ishirini nijionee.

Aa! Boti ilikuwa imekufa. Sijui niseme nini zaidi. Ilikuwa na huzuni, tumbo limeshuka, pua imelegea, kama mbuzi aliyenyeshewa usiku kucha. Nikarudi kupima. Thelathini. Nikatazama tena, mbuzi yuleyule.

Tonton akaja, mikono kiunoni, akaniita mwananchi mhandisi kwa Kifaransa cha ofisi. "Citoyen ingénieur, hii boti iko na mugongo yenye kuvunjika, ao ni macho yangu?"

"Metre haidanganyi!" nikamfokea.

"Metre haidanganyi, ni kweli. Lakini boti nayo haikusoma masomo."

Akacheka mpaka akakaa chini kwenye mawe. Mimi hasira zangu ziko karibu mpaka leo, niliitupa ekeri ziwani, na ikabidi niingie na suruali kuitafuta, maana ilikuwa ya serikali. Kicheko kile ndicho kilichomwinua maman kwenye jiwe lake. Akaja akijifuta mikono kwenye kitenge, akatazama boti, hakucheka.

"Ulifanya nini kwa huu ubavu?"

"Niliziba ufa, maman. Ilikuwa na ufa murefu, toka mbele mpaka nyuma."

"Ufa?"

Akazunguka upande wa kulia, ule ambao nilikuwa bado sijauziba. Akapitisha ukucha polepole kwenye ule unywele, akitembea, kutoka pua hadi nyuma, kisha akarudi.

"Weye ulisoma. Niambie, mbao inapasukaka namna gani?"

"Inafuata nyuzi zake."

"Na huu, uko unafuata nyuzi?"

Nikainama. Ah, jamani. Nyuzi za mbao zilikwenda kwao, ufa ulikwenda kwake. Ulikata nyuzi, ukavuka maungio ya mbao tatu bila kusita, ukaendelea ubao wa pili palepale ulipoachia wa kwanza. Ufa gani una akili namna hiyo? Mtu mzima, na kalamu nne mfukoni, sikuuliza swali hilo.

"Si ufa," maman akasema. "Ni kisu ya baba yako. Alichora kwanza na kisu, kiisha akapaka rangi. Alisema rangi itakufa, na yeye pia atakufa, lakini mwenye atakuja kukwangua asipotee njia."

Nilikaa chini kwenye mawe, karibu na tonton, na tonton hakucheka tena. Siku tatu nzima nilikuwa nalia kimoyomoyo kwamba nafuta mkono wa baba, kumbe alikuwa amejua siku ile itafika, akaniwekea njia ndani ya mbao. Nami njia yenyewe nikaiziba kwa mastiki, tena kwa bidii! Nikachukua metre nikapima chale ile ya upande wa kulia. Hapa thelathini na nne, pale ishirini na saba, puani ishirini na moja. Hakuna mahali pawili palipolingana. Ukiutazama karibu umepinda kabisa, lakini nikikumbuka boti ikiingia kutoka ziwani, mstari ule ulinyooka mpaka raha. Tangu nimeanza kushika kalamu sikuwahi kuona kitu kama kile. Nilimwuliza maman baba alijuaje apinde wapi.

"Yeye alikuwa huku na kamba na misumari. Mi nilikuwa kule, kwa maji, mvuvi mumoja ananipigia kasia. Baba yako anainua kamba, mi napiga kelele: juu, chini, acha. Siku nzima. Macho ilikuwa yangu."

Tonton akashangaa kuliko mimi. Wakati ule yeye alikuwa bado Mwenga anachimba dhahabu. Miaka yote watu walisifu jicho la kaka yake, naye akapokea sifa kwa niaba ya familia.

Tukaifuta rangi yangu kwa petroli. Mastiki ilikuwa bado laini, lakini nilikuwa nimeilainisha vizuri mno, hakuna aliyeweza kuona chale iko wapi. Nilianza kuchimba na msumari, nikaharibu mbao. Maman akanisukuma. Akachomoa kwenye kitambaa cha kichwa sindano yake ya kushonea magunia, ile ndefu yenye ncha iliyopinda, akaanza kudunga ubavu wa boti. Inagonga mbao, inakataa. Inagonga mbao, inakataa. Ghafla inaingia. Hapo anavuta, mastiki inatoka kama uzi, na chale inafunguka nyuma ya mkono wake. Akifika kwenye maungio anasimama, anadunga, anaipata ng'ambo. Alitembea hivyo ubavu mzima, ameinama, mpaka jua likageuka. Sisi wanaume wawili tulimfuata nyuma na kopo la petroli.

Kisha akafika kwenye ubao mpya wa puani, na hapo sindano haikuwa na pa kuingia. Mikono miwili ya ubao ambao baba hakuugusa, na vipimo vya upande wa kulia havikufaa, maana boti ile pande zake hazikufanana.

"Leteni mutumbwi," akasema.

Tonton akampigia kasia mpaka mbali kidogo. Mimi nikabaki na kamba, misumari na nyundo. Nilifunga kamba pale chale ilipoishia, nikaivuta mpaka kwenye pua, nikaishika kwa vidole viwili.

"Juu!" akaita. Nikapandisha. "Ingine kidogo! Hapo. Acha hapo."

Niligeuka nikimtazama. Amesimama wima kwenye mtumbwi, mkono kwenye paji la uso, mtumbwi hautikisiki. Nikangoja aseme nipige msumari. Nikaita kuuliza kama iko sawa, "Iko bien, maman?"

Badala ya kunijibu akamwambia tonton amrudishe. Akaja karibu, maji yakimfika magotini, akaongea kwa sauti ya chini kama yuko kwenye ungamo.

"Hiyo iko bien. Hiyo ndiyo ilipashwa kuwa. Siku ile tulifika pa pua jua imenipiga kichwa, njaa, mugongo. Baba yako akauliza, iko bien? Nikasema bien, nitoke kwa jua. Haikukuwa bien. Ilishuka kidole kimoja. Yeye akakata, maana alinisadiki. Miaka kumi na moja, kila mara boti inaingia, mi naona tu pale."

"Na hakujua?"

"Alikufa hajajua."

Mimi kwa haraka zangu nikasema basi ni vizuri, Mungu amevunja palepale, tunyooshe, iishe. Nilisema hivyo kwa furaha. Maman akatikisa kichwa.

"Alifuata neno langu. Nikinyoosha leo, itakuwa ni yeye alikosea. Shusha kidole kimoja."

Tonton akamkumbusha wamama wa Ijwi, kwamba safari ndiyo hii ya mwisho na mstari lazima upendeze. Akajibu kwamba wakikataa, atauza boti yenye mstari wa mume wake, si mwingine. Nikashusha. Nikapiga misumari, nikafuata kamba kwa ncha ya kisu. Kisha tukapaka, nyekundu mara mbili, nyeupe mara moja. Nilirudi nyuma hatua ishirini. Boti ilikuwa hai, jamani! Na pale puani, kwa kuwa sasa nilijua, nikakiona kile kidole. Miaka yote ile nilikuwa naitazama boti na sikuwahi kukiona.

Jumanne tukaenda Ijwi, nami nikaenda, konje ilikuwa imebaki siku moja. Tulipozunguka mawe, tonton hakupiga honi. Maman alikaa juu ya magunia matupu, macho kwenye miguu yake. Mlimani majembe yalipanda na kushuka. Kisha moja likasimama. Mtu akaita, sauti ikapita juu ya migomba, mwingine akaitika mbali zaidi, na hatukuona tena majembe. Tulifunga boti tukangoja. Saa nzima. Wa kwanza kutoka kwenye njia alikuwa mama mmoja mkubwa, kamba kwenye paji la uso, anahema, na nyuma yake msururu.

Maman akamsaidia kutua mzigo, akamwuliza kwa nini safari mbili walitutazama tu.

"Tungejua namna gani kama ni weye? Ubavu ulikuwa mutupu," akasema yule mama. "Na mustari mwekundu peke yake, siku hizi kila mwizi anapaka. Kuna mbili zinapita hapa, nyekundu na nyeupe kama yako, zimenyooka tii. Sisi tunaangaliaka pua. Yako inainamaka kidogo pale. Bila hiyo hatuteremuke."

Maman alimtazama kana kwamba ameambiwa kwa lugha ya ugenini. Akanigeukia mimi, akamgeukia tonton. Kisha akajiachia kwenye magunia, kitenge mdomoni, mabega yanatikisika, na sikujua kama anacheka au analia mpaka alipoitoa ile nguo mdomoni na kupiga kelele wote wakasikia:

"Miaka kumi na moja nilisikia aibu bure!"