Mipira ya gofu ya bei nafuu: nilichookoa mimi Kariakoo, na aliyekilipia

Wakuu, heshima zenu popote mlipo.

Juzi kuna member aliuliza humu: anayeanza gofu hapa Dar anunue mipira gani isiyomuumiza? Wengi mkamtuma Kariakoo. Na mimi nilianza kuandika hivyo hivyo, mistari miwili, nikafuta. Jibu langu ni refu kidogo, vumilieni.

Ninayoandika yametokea. Majina nimebadilisha, klabu siitaji, duka silitaji. Bei sijabadilisha hata shilingi.

Kwanza mnijue. Nauza vitambaa vya mapazia Kariakoo, naishi Mchafukoge ghorofa ya tatu, lift ilikufa kabla sijahamia. Mimi ndiye yule mteja ambaye muuzaji akimwona anajifanya yuko kwenye simu. Chenji nahesabu mara mbili, ya pili nikiwa nimekukazia macho. Sijisifu. Ndivyo nilivyosomesha watoto.

Gofu sikuitafuta mimi. Daktari alipima presha, akasema nitembee saa moja kila siku. Nikamwambia mtu mzima kutembea bila sababu ataonekana amefukuzwa nyumbani.

Sasa ghorofa ya chini kwetu anakaa Mzee Kanti, Mhindi wa siku nyingi pale mtaani. Aliuza vyombo vya jikoni maisha yake yote mpaka magoti yakamstaafisha. Akanisikia nikilalamika kwenye ngazi, akafungua mlango.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Chukua hii." Begi la fimbo za gofu, kuukuu lakini limefutwa vizuri. "Magoti yangu basi tena. Wewe unataka sababu ya kutembea? Sababu ndiyo hii. Unapiga mpira, unaufuata."

Nikamuuliza bei. Hakunisemesha siku mbili.

Ndani ya begi mlikuwa na mipira mitatu. Siku ya kwanza uwanjani yote ilikuwa imepotea kabla sijafika shimo la nne.

Kwa msiojua: gofu si kama futiboli, kwamba mpira ukitoka nje unarushiwa. Ukiingia majani marefu unatafuta dakika tatu, hauonekani, unatoa mwingine. Nilikuwa napoteza mmoja kila shimo. Mashimo ni kumi na nane. Dukani klabuni dazeni mpya, ya kawaida kabisa, elfu themanini. Nikapiga hesabu. Nikapiga tena. Jibu halikubadilika.

Aliyekuwa ananibebea begi anaitwa Saidi. Ni caddie, yaani anakubebea fimbo, anakuonyesha njia, na kwa mwanafunzi kama mimi yeye ndiye mwalimu. Mtu wa Newala, kwenye hamsini hivi, maneno machache. Kifuani ana beji yenye namba, ana zaidi ya miaka ishirini nayo. Caddie analipwa kwa kila mzunguko anaobeba. Bila beji haingii getini.

Saidi ndiye aliyenipa ushauri ambao nyote mnautafuta, na nauweka hapa kama alivyousema:

"Boss, wewe bado unapoteza. Anayepoteza hanunui mpya."

Kwamba ile mipira laini ya bei mbaya imetengenezwa kwa wanaojua kuuzungusha mpira, mimi wangu unazunguka wenyewe hata nisipotaka. Kwamba mwanafunzi achukue mipira migumu ya kawaida, iliyotumika, isiyo na ufa, isiyobabuka rangi. Ukipata ya njano ni vizuri zaidi, inaonekana majanini. Na usichanganye aina kumi kwenye begi moja. Chagua moja uizoee.

"Ofisini wanauza iliyotolewa bwawani," akasema. "Elfu mbili na mia tano mmoja. Nikakuchagulie?"

"Bei ya mwisho?"

Akaangalia chini. "Ofisini hakuna bei ya mwisho, boss."

Wakuu, hiyo sentensi ilinikaa vibaya. Mtu wa Kariakoo unamwambia hakuna bei ya mwisho?

Jumatatu nikafunga duka mapema nikaingia mitaa ya mitumba ya michezo. Nikampata jamaa anauza njumu, chini ya meza ana kiroba cha mipira ya gofu.

"Hii ya kuchulia mgongo, mkubwa. Unailalia, maumivu kwisha."

"Hii ni ya gofu."

"Basi ya gofu. Elfu moja na mia tano."

Nikamwaga kiroba. Nikaudundisha mmoja mmoja kwenye zege, nikaupeleka kwenye mwanga, nikapitisha kucha kutafuta ufa. Jamaa akawa anawaambia majirani, "Njooni muone, huyu anapima mayai."

Mingi ilikuwa na mstari mwekundu umezunguka katikati.

"Huu mstari wa nini?"

"Design hiyo, mkubwa. Toleo la mashindano."

Tukavutana mpaka mia saba. Alishuka kirahisi. Hapo ndipo nilipaswa kushtuka, lakini nilikuwa najipongeza.

Akahesabu arobaini na nane. Nikahesabu mimi, arobaini na saba. Nikarudia, arobaini na saba. Akaongeza mmoja huku anacheka.

Kisha akauliza lile swali ambalo kila anayenunua Kariakoo analijua: "Ya risiti au bila risiti?"

Ya risiti, elfu arobaini. Bila risiti, elfu thelathini na tatu na mia sita. Tofauti elfu sita na mia nne.

Bila risiti, bila shaka. Nikaivuka Mnazi Mmoja na kiroba changu nikijihisi nimeibia dunia nzima.

Jumamosi nikafika uwanjani. Saidi akanipokea begi kwenye gari kama kawaida, akalitupia begani. Zipu ya pembeni sikuwa nimeifunga vizuri. Hatua ya nne, mpira ukaanguka. Ukafuata mwingine. Ikabingirika kwenye lami mpaka miguuni kwa msimamizi wa ma-caddie.

Saidi alipouona ule mstari mwekundu alisimama. Sijawahi kuona mtu anasimama vile.

Nami sasa ndiyo naelezwa. Klabu ina sehemu ya mazoezi. Unapewa kikapu cha mipira, unaipiga, inabaki pale pale, inaokotwa, anapewa mwingine. Mipira hiyo huchorwa mstari mwekundu ili mtu asiondoke nayo. Haiuzwi. Na kwa wiki kadhaa ilikuwa inapungua. Ma-caddie walishatangaziwa: atakayeonekana nayo, beji mezani.

Msimamizi akamwaga begi lote. Akahesabu. Naye akarudia. Arobaini na nane, thelathini na mmoja ina mstari.

"Ni yangu," nikasema. "Nimenunua Kariakoo."

"Risiti?"

"Sikuchukua."

"Si umejiandikisha hapa wewe ni mfanyabiashara wa Kariakoo?"

"Ndiyo."

"Umenunua bidhaa bila risiti?"

Wakuu, nimejibu watu wengi maishani. Siku ile niliinama nikaanza kuokota mipira.

Akaniambia kwa adabu kabisa kuwa mimi ni mgeni wao, niendelee na mchezo, wataniletea caddie mwingine. Kisha akanyoosha mkono kwa Saidi. Saidi akafungua pini polepole, akampa beji. Kamati ingekaa baada ya wiki mbili.

Nikamfuata mpaka getini. "Kaka Saidi, kwa nini hukusema kitu?"

"Niseme nini, boss? Nikisema ni yako, caddie nimemwita mchezaji wangu mwizi. Nikisema sijui, begi lilikuwa begani kwangu."

Akatembea kidogo. Akageuka.

"Ulitaka kuokoa shilingi ngapi?"

Nikamwambia. Sijui kwa nini sikudanganya.

"Sita na mia nne," akasema. Hakukasirika. Alikuwa kama mtu anayeandika namba ya simu kichwani.

Jumatatu nikarudi kwa jamaa wa njumu. Nikaomba risiti ya mzigo wa wiki iliyopita. Nikampa ile elfu sita na mia nne. Akakataa. Nikapandisha hadi kumi. Ishirini. Mara ya kwanza maishani napandisha bei mwenyewe, na muuzaji ndiye anatikisa kichwa.

"Mkubwa, mashine inaandika tarehe ya leo. Ya juzi nitaitoa wapi? Na wewe juzi ulikataa mwenyewe, watu wote hapa walisikia."

Kweli walisikia. Mmoja akaongeza, "Mpima mayai amerudi."

Nikashuka mpaka soko la samaki la Feri kumtafuta Saidi, maana niliambiwa yuko kule anapara samaki. Nilimkuta amejifunga mfuko wa nailoni kiunoni, magamba mpaka kwenye kope. Mtu ambaye siku zote nimemwona akifuta fimbo zangu kwa kitambaa cheupe. Mteja wake alikuwa anamgombeza kwamba ameacha magamba karibu na mkia.

"Unaendeleaje, kaka?"

"Naendelea. Samaki hapotei majanini."

Alisema bila kucheka, nami sikuthubutu kucheka. Nikatoa hela. Hakuzigusa. Akasema mikono imelowa. Ikabidi nirudi nazo mfukoni.

Jioni nikamweleza Mzee Kanti kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Kwenye kile kiroba ilibaki?"

Ilibaki.

"Ya mstari?"

Ya mstari pia.

Asubuhi akachukua fimbo yake ya kutembelea. Kutoka Mchafukoge hadi pale ni mwendo wa dakika chache, kwa magoti yake ilikuwa nusu saa na kupumzika mara mbili. Mimi nikasimama duka la tatu, nyuma ya magodoro.

"Hii mipira bei gani, kijana?"

"Ya kuchulia mgongo hiyo, mzee. Elfu moja na mia tano."

"Mimi nataka ya kukanyagia nyayo. Nachukua yote."

Ilikuwa ishirini na miwili. Elfu thelathini na tatu. Hakuomba apunguziwe hata mia. Karibu bei niliyolipa mimi kwa arobaini na nane! Nilishika lile godoro kwa nguvu.

"Andika risiti," akasema Mzee. "Usiandike 'bidhaa'. Andika mipira ya gofu iliyotumika, na idadi."

"Ah, mzee, mambo mengi hivyo?"

"Mimi mtu mzima. Nyumbani wananikagua."

Mashine ikalia. Sijawahi kupenda sauti ile kama siku hiyo.

Siku ya kamati tuliingia watatu, Saidi, mimi na Mzee. Walikuwa watu watatu mezani. Mzee akaweka mipira, akaweka risiti juu yake. Tarehe ilionyesha mauzo ya siku ambayo Saidi hakuwa na beji wala hakukanyaga klabuni.

Mmoja akasema risiti hii haithibitishi ile ya kwanza. Ni kweli, haithibitishi. Mwingine akasema inaonyesha mipira inauzwa hadharani, na yeyote angeweza kuinunua. Wakatutoa nje. Tulikaa kwenye benchi, Saidi katikati, mikono magotini, kucha bado zina harufu ya Feri.

Beji ilirudishwa. Pamoja na barua ya onyo.

Mngependa niishie hapo. Hata mimi.

Lakini Saidi alikuwa na mchezaji wake, daktari fulani, aliyembebea kila Jumapili kwa miaka tisa. Kwa zile wiki mbili daktari alipata caddie mwingine. Saidi aliporudi alimsalimia vizuri, akamuuliza habari za nyumbani, akaendelea na yule mwingine. Nafasi hiyo kamati haiwezi kuirudisha, na hakuna mashine inayoitolea risiti.

Jamaa wa njumu naye nasikia walimtembelea kumuuliza alikoitoa. Sijui aliwajibu nini. Mtaa ule sipiti tena.

Member uliyeuliza, majibu yako ni haya. Nunua iliyotumika, migumu, ya aina moja, isiyo na ufa. Nunua klabuni hata kama hakuna bei ya mwisho. Ukinunua nje, soma mpira kabla ya kuuhesabu, ukiona mstari umezunguka mzima, uache. Na chukua risiti. Mimi nilikagua kila mpira kwa kucha, swali moja la maana nikalikubalia jibu la "design" kwa sababu bei ilinipendeza.

Bado nacheza. Presha imeshuka kidogo. Nanunua sita sita ofisini, elfu kumi na tano, silalamiki.

Saidi ndiye ananibebea, nilimwomba na akakubali. Ila kuna jambo sasa analifanya kila tukikutana. Kabla hajaweka begi begani analilaza chini, anafungua zipu zote, anatoa mipira yote na kuipanga kwenye lami. Anaugeuza mmoja mmoja, anasoma kila upande. Akimaliza anaanza upya.

Mara mbili. Mimi nimesimama pembeni, wachezaji wengine wanapita wanaangalia.

Karibuni wakuu, semeni mnavyoona. Hata kunisema mimi, ruksa. Na kama kuna mtu humu anacheza Jumapili na hana caddie wa kudumu, aniambie. Ninaye mmoja, na huyu simpunguzii bei.